Mashahidi Wawili wa Mwendo

Katika ukanda wa Ruiru, Juja na Thika, ambako mashamba ya kahawa hupakana na mitaa mipya, viwanda na barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012, umo ufundi usiotajwa sana, nao ni ule wa kuunganisha taarifa za kamera na za vihisi ili kutambua kitu kinachosogea. Kihisi ni kifaa kinachopima hali fulani, kama vile joto, umbali au kasi, na kuigeuza kuwa ishara ya umeme. Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu haudai chombo kisichokosea. Hujenga uhakika kutokana na mashahidi wawili dhaifu, mradi udhaifu wa mmoja usiwe ndio udhaifu wa mwenziwe.

Kamera huona umbo na rangi. Programu yake huilinganisha picha na ile iliyotangulia, pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta, na kilichobadilika huhesabiwa kuwa kimesogea. Lakini katika ua wa nyumba ya Ruiru mengi hubadilika pasipo mgeni kuingia: matawi hutikiswa na upepo, kivuli cha wingu hupita, taa za gari humulika ukuta usiku. Kihisi cha joto kilichofungwa juu ya lango hakioni umbo lolote. Ndani yake mna vipande viwili vinavyotoa umeme joto linapobadilika, navyo vimeunganishwa kinyume, hivi kwamba joto linalopanda kote kwa pamoja hujifuta, ilhali joto la mwili unaokatiza hukifikia kipande kimoja kabla ya kingine na kuzalisha ishara. Kihisi hiki hakibabaishwi na rangi wala giza, ila adhuhuri, ukuta uliopashwa na jua unapokaribia joto la ngozi, tofauti hupungua na mtu aweza kupita bila kutambuliwa.

Muungano mwepesi kuliko yote ni ule ambao kihisi huiamsha kamera, kama zifanyavyo kamera za kutegea wanyamapori, ambazo kwa sababu hiyo hudumu porini muda mrefu kwa betri chache. Muungano wa ndani zaidi hupima uzito wa kila ushahidi. Tuseme kamera iliyo kando ya barabara ya Thika inakadiria kwamba pikipiki iko umbali wa mita 12, ikiwa na shaka ya mita 3, na rada, inayopima kwa mwangwi wa mawimbi ya redio, inasema mita 10 kwa shaka ya mita 1. Fundi hachukui wastani wa 11. Humpa kila shahidi uzito kulingana na uaminifu wake, akapata takriban mita 10.2, na shaka iliyobaki huwa ndogo kuliko ya rada peke yake. Hata shahidi dhaifu, akisikilizwa kwa kipimo chake, huongeza ukweli.

Kanuni hiyo ndiyo kiini cha chujio la Kalman, lililotolewa mwaka 1960 na Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest, na kutumiwa katika safari za Apollo kwenda mwezini. Chujio hutabiri mahali kitu kitakapokuwa, hupokea vipimo vipya, kisha hurekebisha utabiri wake, tena na tena. Lakini hesabu hiyo huharibika ikiwa saa za vyombo hazilingani, kwani gari liendalo kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde, na kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu hulisogeza mita 2.5 kutoka mahali linapodhaniwa kuwa.

Ufundi huu una adabu pia. Mfumo unaorekodi tu pale mashahidi wote wawili wanapokubaliana huhifadhi picha chache za wapita njia, jambo linaloafiki Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inayotaka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu.

Kwa hiyo fundi wa Thika anayefunga kamera langoni, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, wajifunze kwanza makosa ya kila chombo kabla ya kutafuta chombo cha bei kubwa zaidi. Anayeyajua makosa ya vyombo vyake huweza kuviamini kwa kiasi kinachostahili, na huo ndio umahiri.