BWANA MARIDADI: UHAKIKI WA LUGHA YA SAFARI

Neno "safari" ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyopokelewa katika lugha nyingi za Ulaya. Wasomi wetu wamezoea kulitaja kwa fahari, kama ushahidi kwamba lugha yetu nayo imetoa, si kupokea tu. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza fahari hiyo. Tutatumia kitabu kimoja, African Game Trails cha Theodore Roosevelt, kilichotolewa mwaka 1910, kwa kuwa ni miongoni mwa vitabu vilivyowafundisha wasomaji wa Marekani kwamba safari ni kuwaendea wanyama wa Afrika.

Tuanze na maana. Msemaji wa Majengo, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, asemapo kwamba mama yake yuko safarini, hamaanishi kuwa anatazama twiga. Anamaanisha kuwa mama ametoka mahali, anakwenda mahali, na liko jambo linalompeleka: msiba, harusi, biashara, au Hija. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, limeenea hata likahesabu nyakati, kwani "safari hii" maana yake ni mara hii. Katika matumizi yote hayo hamna mnyama. Wageni walipolichukua waliliacha jambo linalompeleka msafiri pamoja na mahali anapokwenda. Wakabaki na mwendo, hema na simba. Kwa hiyo kilichosafiri kwenda Ulaya ni nusu ya neno.

Roosevelt alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1909, mara tu baada ya kumaliza muda wake wa urais wa Marekani. Alipanda gari la moshi hadi nyanda za Kapiti, karibu na Nairobi, ambako mamia ya wapagazi walikuwa wakimngojea. Kwa mujibu wa hesabu yake mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Si haki kumwita mwuaji tu. Alikuwa mtu wa elimu ya viumbe, akiikusanyia mizoga jumba la makumbusho la Smithsonian, na maelezo yake juu ya tabia za wanyama ni ya mtu aliyetazama kwa makini. Tena alikuwa msomaji mkubwa: alichukua sanduku la vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, wakiwemo Homer na Shakespeare, na sanduku hilo lilikwenda kichwani mwa mpagazi.

Kiswahili kina kazi gani katika kitabu hiki? Kwa sehemu kubwa ni lugha ya amri na ya majina ya vitu. Wapagazi wanatajwa, wanasifiwa kwa nguvu na kwa uchangamfu wao, lakini ni mara chache wanaambiwa kuwa na rai. Hata hivyo, pako mahali pamoja ambapo lugha yao inampita mwandishi. Roosevelt anatuarifu kwamba wao walimwita "Bwana Makuba". Mhakiki asipoteze muda kucheka tahajia. Ni dhahiri kwamba alisikia "Bwana Mkubwa" akaandika alivyosikia. La maana zaidi ni kwamba aliona hapo heshima ya pekee, hali cheo hicho kilikuwa cha kila kiongozi wa msafara. Angekuja mwingine kesho, naye angeitwa vivyo hivyo.

Jina la Kermit ndilo lenye uzito. Kwanza aliitwa Bwana Mdogo, kama desturi ilivyotaka. Baadaye jina likabadilika, akawa Bwana Maridadi. Hili halikutokana na cheo, bali na utazamaji. Kwa Mswahili, "maridadi" ni sifa yenye makali pande mbili: humsifu mtu kwa kupendeza, na papo hapo huuliza kama kupendeza huko kuna faida gani porini. Kijana alikuwa na bunduki nzuri na shabaha za kusimulia; wapagazi wakaona mapambo yake. Hapa wapagazi wanaacha kuwa migongo ya kubebea mizigo na kuwa wahakiki. Wakati mabwana wanawatazama wanyama, wao wanawatazama mabwana. Roosevelt, na hili ni kwa sifa yake, aliliandika jina hilo bila kulificha.

Lugha yenyewe inatupa njia ya kulieleza jambo hili. "Mtalii" na "mtalaa" ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kusoma na kudurusu. Kwa asili yake basi, mtalii ni msomaji. Tukilishika shina hilo, mtalii wa kweli katika African Game Trails si mwenye sanduku la vitabu peke yake. Ni pamoja na yule aliyelibeba.

Uhusiano wa haya na Majengo si wa kubuni. Baadhi ya watu wa misafara walituama katika vijiji vya mwanzo vya Waafrika mjini Nairobi, kama vile Pangani. Pumwani, ambayo wenyeji huiita Majengo, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, na Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1946 ikafunguliwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 117. Utawala uliowahamisha watu ndio uliowatengea simba mahali pa kudumu. Leo wengi wa Majengo humshika simba mkononi katika sarafu ya shilingi 10 kabla ya kumwona mbugani, na huko Gikomba, jirani yao, wachongaji wamekuwa wakimchonga ili auzwe kwa mgeni.

Tofauti hii imeingia katika msamiati. Mzungu aliyeua alikuwa mwindaji. Mwafrika aliyeua bila kibali akawa jangili. Afisa wa wanyama aliitwa na wananchi Bwana Nyama, na katika jina hilo pia twasikia uhakiki uleule wa wapagazi: wewe unasema unalinda, sisi tunaona nani anaruhusiwa kula. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kamera ikashika nafasi ya bunduki. Lakini mpangilio wa nani hutazama na nani hubeba haukuondoka na bunduki.

Mtu aweza kudai kwamba maneno hubadilika, na kwamba haifai kulidai neno lirudi lilikotoka. Twakubali. Hatudai Waingereza walirudishe. Hofu yetu ni kwamba nusu ile iliyokwenda Ulaya sasa inarudi na kuketi mahali pa neno zima, katika matangazo, katika vitabu vya shule, hatimaye katika kamusi. Mtoto wa Majengo akifunzwa kwamba safari ni jambo la wageni, atakuwa amenyang'anywa neno ambalo babu zake walilitembea kwa miguu. Watunga kamusi na walimu wa fasihi wana wajibu wa kuyakusanya majina kama Bwana Maridadi na Bwana Nyama, na kuyasoma kama sehemu ya fasihi simulizi ya misafara. Mabwana waliziandika safari zao katika vitabu. Wapagazi waliziandika katika majina ya mabwana.