Zaburi Katika Kazi za Mikono

Kukariri Maandiko, yaani kuyarudia kwa sauti au kimoyomoyo hadi yaweze kusemwa bila kutazama kitabu, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya kumbukumbu peke yake, ilhali historia ya wamonaki wa Misri inaonyesha kuwa ni ufundi uliofungamana tangu zamani na kazi za mikono. Pakomi, aliyeanzisha monasteri ya Tabennesi katika bonde la Nile na kufariki mwaka 346, anahesabiwa kuwa chanzo cha kanuni, yaani maagizo ya maisha ya pamoja, ambazo Jeromu alizitafsiri kwa Kilatini mwaka 404. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mgeni aliyeingia alipewa kwanza zaburi 20 au nyaraka mbili za Mtume Paulo. Asiyejua kusoma alifundishwa herufi, apende asipende, na kila mkazi alitarajiwa kushika kichwani angalau Agano Jipya na Zaburi.

Kiasi hicho kinatisha, lakini linalostaajabisha zaidi ni mahali kilipowekwa. Waliokanda unga walikatazwa kuzungumza, wakatakiwa kukariri. Aliyewaita wenzake chakulani alikariri huku akigonga ishara. Hata aliyegawa vitamutamu mlangoni baada ya mlo alikariri huku akigawa. Kazi ambayo mkono umekwisha kuizoea huiacha akili bila shughuli, na nafasi hiyo, ambayo aghalabu huangukia masengenyo au wasiwasi, ndiyo malighafi ya ufundi huu. Vidole vya msuka ukili vinajua njia yao wenyewe, na mstari wa zaburi, ambao mara nyingi hugawanyika nusu mbili, ya pili ikiiitikia ya kwanza, huingia bila taabu katika mwendo wa kusuka, kukanda au kutwanga.

Yohane Kasiano, aliyeishi miongoni mwa wamonaki wa Misri kabla ya kuhamia Marseille, aligusia jambo ambalo walimu wengi hulisahau: wakati wa kukariri, akili hushughulika na maneno hata isipate nafasi ya kuyaelewa, na maana hujitokeza baadaye, hasa usiku, mwili unapotulia. Hoja kwamba mtu asikaririshwe asichokielewa haifi kwa sababu hiyo, ila inapungua nguvu.

Katika shule za Jumapili na Shule za Sabato za Afrika Mashariki, fungu la kukariri lingali linatolewa, mara nyingi kwa Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952, chenye uzito usio wa sokoni na pengine kwa sababu hiyo hiyo chenye kunata. Mtoto anayemwaga mafungu jukwaani Jumapili na kuyasahau ifikapo Jumatano amefanya zoezi jema, lakini ufundi uko kwa yule ambaye fungu lake moja humrudia kila anapopeta mchele au kungoja daladala.

Hata desturi ya kushika mstari mmoja mmoja ina umri mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia zilichapishwa na Robert Estienne mwaka 1551. Wamonaki wa Pakomi, wasio na namba hizo, walichukua zaburi nzima, na mtu wa leo anaweza kuwafuata kwa kuanza na ya 23, yenye mistari 6, akiongeza mmoja kila juma, palepale penye kinu au foleni.