Hongera kwa Kombe la Waliobaki

Kijana wa Magamba anayecheza mpira wa kikapu hupanda ngazi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: shule, wilaya, Mkoa wa Katavi, kisha taifa. Wengi huishia njiani, na siku ya kurudi nyumbani mapema huwauma. Ndiyo maana nayapongeza kwa moyo mweupe mashindano ya NIT ya vyuo vikuu vya Marekani, yanayozipokea timu za wanaume zilizokosa nafasi katika mashindano makuu ya NCAA.

NIT si ya jana. Ilianza New York mwaka 1938, mwaka mmoja kabla ya NCAA, na enzi hizo heshima yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1950 chuo cha CCNY kilitwaa vikombe vyote viwili, jambo ambalo hakuna chuo kingine kilichowahi kulifanya ndani ya mwaka mmoja. Baadaye NCAA ilipanuka ikachukua walio bora.

Lakini tazameni Connecticut. Chuo hicho kilibeba NIT mwaka 1988, taji lake la kwanza la kitaifa katika kikapu; NCAA kikaitwaa mwaka 1999. Ndicho kilichomlea Hasheem Thabeet wetu, mwana wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa 2 kuingia NBA mwaka 2009. Njia yake ilianza kulimwa kwenye kombe hili dogo, naye akiwa bado mtoto mchanga.

Hongereni, waandaaji. Mnampa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mechi nyingine moja kabla hajaivua jezi ya chuo chake.