Moustiers, Jamani! Kijiji Kilichotundikiwa Nyota

Acha unachofanya, rafiki yangu, sogea hapa nikusimulie kabla sijapasuka! Nimetoka Moustiers-Sainte-Marie, kijiji cha watu wapatao mia saba tu huko Provence, kusini mwa Ufaransa, na nguo zangu bado zinanukia lavenda, mabega bado yamekaza kwa kupiga kafi, na macho ndiyo hayataki kabisa kukubali kwamba tumeondoka! Wallahi sijapata kuona maji ya rangi ile. Ukisema buluu umekosea, ukisema kijani umekosea pia. Ni rangi nzito, tamu, inayong'aa toka chini kwenda juu. Unayachota kwa kiganja, maangavu kabisa, huoni rangi hata chembe. Unayamwaga, papo hapo yanarudi kuwa yaleyale ya ajabu. Nilichota na kumwaga, nikachota na kumwaga, mpaka wenzangu wakaniita twende!

Lakini ngoja, nianzie kijijini. Nyumba zimebanana chini ya magenge mawili marefu, makali, yanayotisha na kupendeza kwa pamoja. Kati ya magenge hayo kuna ufa, na katika ufa huo kijito kinashuka mbio, kinapita katikati ya makazi ya watu, kinapenya chini ya vidaraja vya mawe, kinaruka, kinanguruma, kinakurushia manyunyu usoni nawe umekaa zako na kikombe cha kahawa! Kila kichochoro unachoingia, maji unayasikia. Sasa inua kichwa. Hapana, zaidi. Zaidi! Juu kabisa, kutoka jabali hadi jabali, umevutwa mnyororo, na katikati ya mnyororo inaning'inia nyota ya rangi ya dhahabu. Nyota, jamani! Wenyeji husimulia kwamba shujaa mmoja wa hapo, Blacas, alitekwa zama za Vita vya Msalaba, akaweka nadhiri: nikirudi nyumbani salama, nitatundika nyota juu ya kijiji changu. Akarudi, akatundika. Hii iliyopo leo ni ya mwaka 1957, maana zile za awali zilianguka zikabadilishwa, lakini hilo halipunguzi utamu hata kidogo! Jua la asubuhi likiipiga, inameremeta mpaka unasimama katikati ya njia kama umegandishwa.

Na bado! Kuna ngazi ya mawe inayopanda mpaka kwenye kikanisa cha Notre-Dame de Beauvoir, kilichoganda juu ya jabali tangu karne ya 12. Vidato 262! Mawe yenyewe yamesuguliwa na nyayo za mahujaji karne kwa karne, laini, yanateleza, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika. Panda alfajiri, nakusihi, kabla jua halijakolea na kabla magari ya wageni wa kutwa hayajafika. Ukifika juu, ndani ya kikanisa kuna ubaridi mtulivu unaokukausha jasho; ukitoka nje, chini yako kuna mapaa ya vigae, mizeituni, na kule mbali, ah, ziwa lote la Sainte-Croix limejitandaza! Nilishindwa kusema.

Ukishuka, usiingie kwenye maduka ya zawadi kabla hujaingia kwenye karakana. Moustiers ni kijiji cha wafinyanzi! Pierre Clérissy ndiye aliyewapa jina katika karne ya 17, kisha Mfalme Louis wa 14 akawasaidia bila kukusudia: vita vilimaliza hazina, akaamuru vyombo vya fedha viyeyushwe, na mabwana wakubwa wakajikuta wanahitaji sahani nyingine za kujivunia. Sahani hizo zikatoka hapa, nyeupe pe, zimechorwa maua na ndege kwa buluu nyembamba sana. Tanuri la mwisho lilizimika mwaka 1874, ikawa kimya, mpaka mtu mmoja aitwaye Marcel Provence akaliwasha tena mwaka 1927. Nilisimama nyuma ya mchoraji nikizuia pumzi. Brashi inagusa unga mweupe ambao haujachomwa, unaufyonza wino mara moja, na mstari ukishapita umepita, hakuna kufuta! Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Wangu ulitetemeka kwa niaba yake. Halafu akanipa sahani iliyokwisha kuchomwa niishike: laini, ya baridi, ikigongwa kwa ukucha inalia tiiing! Sikuweza kuirudisha.

Sasa tufike penyewe. Korongo la Verdon!

Watu wengi hulitazama kutoka barabarani. Wanasimama kwenye kingo, wanapiga picha, wanarudi kwenye gari. Tafadhali, usiwe hivyo! Picha hizo ni nzuri, sikatai, lakini korongo lile ni la kuingiwa kwa maji. Teremka mpaka daraja la Galetas, pale mto Verdon unapoingia ziwani, ukodi kayaki au boti ya kukanyaga kwa miguu, uelekeze pua ndani. Mwanzoni kuna kelele za watoto na kicheko cha watu wanaogongana makafi. Piga kafi kidogo, kata kona, kuta zinakusogelea pande zote mbili, ndefu, ndefu mno, kuna mahali korongo hili lina kina cha mita 700, na ghafla hewa inakuwa ya baridi na sauti yako mwenyewe inakurudia kutoka juu! Injini za mafuta zimepigwa marufuku kwenye maji haya, kwa hiyo unachosikia ni matone tu. Tone, tone, tone, kutoka kwenye mimea ya kijani inayoning'inia ukutani, maana mwamba unavuja maji nayo inalowa humo. Nilipeleka kayaki mpaka chini ya mchirizi mmoja, ukaniangukia kichwani, baridi ya barafu, nikapiga ukelele, korongo zima likapiga ukelele pamoja nami. Na bado! Ukiacha kafi, ukalala chali ndani ya kayaki, anga inabaki utepe mwembamba wa buluu, unapindapinda juu yako, na ndani ya utepe huo unapita ubawa mkubwa, mpana, usiopigapiga.

Tumbusi! Walikuwa wametoweka kabisa katika magenge haya, ndipo mwaka 1999 wakaanza kurudishwa katika kijiji cha Rougon, na sasa wamejaa, wanazunguka na hewa ya moto bila haraka yoyote. Nenda Point Sublime hukohuko Rougon, ukae ukingoni, utawaona wakipita CHINI yako. Unatazama mgongo wa ndege anayeruka! Unasikia upepo ukikwaruza manyoya yake, fyuuu! Mwili ulinisisimka toka kisigino hadi utosi.

Ziwa nalo lina siri yake. Lilijazwa miaka ya 1970 bwawa la umeme lilipojengwa, na kijiji cha zamani cha Les Salles-sur-Verdon kikabomolewa na kuzamishwa, watu wakajengewa kingine pembeni. Kuogelea pale ni raha isiyo kifani, maji yanakubeba, yanakulegeza viungo vyote, lakini nilipokumbuka kwamba chini yangu kulikuwa na mashamba ya watu na mlango ambao mama fulani aliufunga kwa mara ya mwisho, nilinyamaza kidogo. Nadhani kila anayeoga pale alijue hilo.

Kama miguu yako ina nguvu, usiondoke bila kupita njia ya Blanc-Martel. Mwaka 1905 Édouard-Alfred Martel alilipita korongo hili kwa uchunguzi, na pamoja naye alikuwa Isidore Blanc, mwalimu wa shule wa Rougon, na leo njia inabeba majina yote mawili. Ni mwendo wa kutwa, chini kabisa ya kuta. Unateremka ngazi za chuma za Brèche Imbert, vidato 252 vilivyosimama wima, huku umekumbatia reli kwa mikono miwili! Kisha unaingia kwenye mahandaki yaliyochimbwa kwa mradi wa umeme ulioachwa njiani. Giza totoro, madimbwi, maji yanadondoka shingoni, kurunzi yako ndiyo macho yako. Unatoka upande wa pili, mwanga unakupiga, harufu ya misonobari, mto unanguruma! Na ukitazama juu utaona wapandaji wamening'inia, wadogo kama nukta. Hapa hushuka kwanza kwa kamba kutoka ukingoni, ndipo waanze kupanda. Mpanda miamba Patrick Edlinger alifanya maajabu yake kwenye kuta hizihizi, na sasa nimeziona nimeelewa kwa nini Wafaransa walimtazama bila kupepesa.

Halafu lavenda, rafiki yangu, lavenda! Toka kijijini, panda uwanda wa Valensole, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, kabla ya mavuno. Fungua vioo vya gari. Harufu inakupokea barabarani kabla hujaona ua hata moja, sawasawa na unavyopokewa Pemba msimu wa karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye mikeka. Ukishuka unakuta mistari ya zambarau inayokwenda mpaka upeo wa macho, na mistari yote inavuma! Nyuki, maelfu kwa maelfu, wameshughulika, hawakutazami hata. Niliingiza mikono yote miwili, nikasugua, nikanusa, nikasugua tena.

Utakula nini? Jibini ya mbuzi iliyomwagiwa asali ya lavenda. Basi, nimemaliza! Pamoja na mkate bapa wa fougasse, bado wa moto, wenye vipande vya zeituni, mafuta yake yanakutiririka vidoleni.

Fanya hivi. Kodi gari Marseille, ni mwendo wa kama saa mbili hivi. Beba kurunzi na viatu vizuri. Ulizia hali ya maji kabla ya kwenda, maana ukame wa mwaka 2022 uliyashusha vibaya kayaki zikashindwa kuingia korongoni. Na lala kijijini, usije kwa kutwa tu! Wageni wakishaondoka, wazee wanatoa vyuma vyao vya pétanque, wanavirusha vumbini, ko! ko!, wanabishana kwa sauti hadi giza, na wakikuona umesimama wanakuita ucheze. Mimi nilicheza! Na sijakwambia nguzo za Warumi zilizosimama peke yake shambani kule Riez, wala barabara ya Route des Crêtes jua likizama, wala mapango walimoishi watawa, na bado!