Kuikagua Hariri Kuukuu

Wanunuzi wengi wa hariri kuukuu hutazama mng'ao kwanza. Mimi huanza na pindo. Nafunua bitana, nageuza mshono, nalinganisha rangi ya mahali pasipofikiwa na mwanga na rangi ya upande wa nje.

Jua huacha mipaka. Mabega yamepauka, ndani ya mshono rangi bado imekoza. Rangi iliyotokana na manjano hutangulia kuchujuka, nili huvumilia. Lakini kuchujuka kwa rangi si hasara kubwa kama kufa kwa uzi. Protini ya hariri, fibroini, hufyonza mionzi ya urujuanimno. Minyororo yake hukatika, na hariri nyeupe hugeuka njano. Madhara hayo hujumlishana mwaka hadi mwaka na hayarudi nyuma. Ndiyo maana makumbusho mengi huionyesha hariri kwenye mwanga usiozidi lux 50.

Joto la pasi hutambulika kwa doa la kahawia lenye umbo la pasi, na kitambaa kikakamavu hapo. Uzee mtupu huleta unjano laini, sawasawa, hata ndani ya mishono. Huo naupenda, na nasikitika mtu anapoupaushia dawa: weupe hurudi, nguvu hairudi.

Ya kuogopwa ni hariri iliyotiwa uzito. Hariri mbichi ikichemshwa kuondoa gundi ya kiwavi, hupoteza takriban robo ya uzito wake, nayo iliuzwa kwa mizani. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya Ulaya na Marekani viliifidia kwa chumvi za madini, hasa bati. Nyeusi mara nyingi ilitiwa chuma. Gauni likapata uzito na mwanguko wa kuvutia, lakini chumvi hizo huharakisha kuoza kwa uzi, hata sandukuni penye giza. Nyufa zake hunyooka kama zilizokatwa kwa wembe, wakati rangi ingali nzuri kabisa.

Usiivute kujaribu nguvu. Itandaze juu ya shuka jeupe, leta taa ubavuni, kagua mikunjo. Kisha iinue kwa viganja vyote viwili na utazame kama imeacha unga au vipande vya nyuzi. Kati ya skafu iliyopauka ambayo bado inakunjika kwa ulaini, na gauni jeusi linalometa lenye nyufa kwenye bitana, nitalipia skafu. Gauni hilo halivaliki tena. Lilazwe bapa, gizani, mbali na joto, bila mkunjo hata mmoja.