"Wizi wa Utambulisho": Istilahi Inayompoteza Msomaji

Hivi karibuni tulisoma tangazo la chuo kikuu kimoja likiwataka wanafunzi watoe taarifa mara waonapo "dalili za wizi wa utambulisho". Nia ya tangazo hilo ni njema. Kasoro yake ni istilahi.

Kwanza, kwa mazoea ya wasemaji, utambulisho ni tendo la kumjulisha mtu kwa wengine. Ndiyo maana twasema barua ya utambulisho. Tendo haliibiwi. Pili, mwanafunzi alionapo neno hilo kando ya wizi hufikiri kitambulisho. Hupapasa mfuko, huikuta kadi yake salama, naye hujiona hana la kuripoti.

Kumbe mtu aliyenakiliwa namba ya kitambulisho chake hubaki na kadi yake, na hasara huijua kwa dalili tu: ujumbe wenye namba ya siri ambayo hakuiomba, nywila yake kukataliwa, kudaiwa mkopo ambao hakuuchukua, au fedha zake za kujikimu kuonekana zimekwisha kusainiwa. Nchini Tanzania, mtu akipiga *106# huweza kuzijua laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Laini asiyoifahamu ni dalili pia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hukataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Maneno hayo yaeleweka, lakini yamtazama mkosaji. Hayamzindui mwenye jina.

Kwa maoni yetu, jina si mali iliyoibiwa, bali ni chombo cha kuibia. Kiswahili kina mfano tayari: unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa kuufuata, twapendekeza wizi wa kutumia jina la mtu. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini humfanya msomaji ajiulize mara moja: je, jina langu limetumiwa wapi?

Hapo tangazo lingeweza kusema: "Ukiona jina lako limetumiwa pasipo idhini yako, badili nywila, kisha toa taarifa kwa mshauri wa wanafunzi na polisi, hata kama kadi yako ungali nayo." Istilahi isiyomwezesha mtu kuitambua hasara yake haijatimiza kazi yake. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao.