Wakata Miwa Wasiokata Muwa

Wapenzi wa ushairi wa visiwani wamezoea kupima jina la shairi, jina la malenga na jina la bahari yake. Majina ya timu za mpira hawajayatupia jicho, ijapokuwa nayo ni matini. Msomaji wa Unguja akitajiwa Malindi, Mlandege, Kikwajuni au Miembeni, hujua papo hapo kwamba ametajiwa mtaa, na kwamba mtaa huo umewaazima vijana wake jina lake. Timu za vikosi zina vifupisho vyao, lakini mazoea ya mji ndiyo hayo: timu ni mahali. Ukivuka bahari, ukaivuka bara yote mpaka ng'ambo ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, mambo hugeuka. Huko timu zilizovuma zimeitwa kwa kazi.

Majina matatu yanatosha kuonesha hivyo. La kwanza ni Balimi. Mswahili hahitaji mkalimani: ndilo neno letu wakulima, limevaa kiambishi cha Kihaya tu. Bukoba ya Balimi ilikuwa Bukoba ya kahawa na migomba, ya chama cha ushirika na magunia yaliyosubiri meli. Jina la pili ni RTC Kagera. Hapa hamna tena mkulima. Pana herufi za Kampuni ya Biashara ya Mkoa, mojawapo ya kampuni zilizoundwa na serikali katika miaka ya 1970 baada ya shirika moja kubwa la biashara la taifa kugawanywa kimikoa. Jina la tatu ni Kagera Sugar, jina la kiwanda, la kiwanda kilichokwisha kubinafsishwa. Mkulima, kisha dola, kisha mwenye mtaji: nusu karne ya historia ya uchumi wa Tanzania imeandikwa migongoni mwa jezi, na hapana mwanahistoria aliyeombwa kuiandika. Hatima ya lile jina la kwanza nayo ina kejeli yake. Leo ukisema Balimi mbele ya vijana, aghalabu wataifikiria chupa ya bia kabla ya kuifikiria timu.

Jina la tatu ndilo linalostahiki uhakiki mrefu, kwa kuwa magazeti yamelizalia lakabu. Kagera Sugar, pamoja na Mtibwa Sugar ya Morogoro iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, zote huitwa Wakata Miwa. Kwa sikio la mshairi lakabu hii ni tamu: ina silabi tano, ina mwendo, inaingia katika kipande cha shairi bila ya kulazimishwa. Lakini tamathali hupimwa pia kwa kile inachokificha. Mkata miwa wa kweli yupo. Yuko Misenyi, karibu na Kyaka, mto Kagera unakopita, katika ardhi ile iliyovamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na ambayo daraja lake lilivunjwa. Hushika panga kabla jua halijapanda, hutoka shambani na masizi ya majani yaliyochomwa, na jioni ya siku ya mechi hana lazima ya kuwepo Bukoba mjini, maana Kaitaba ni mwendo mrefu kutoka alipo. Mchezaji aliyebeba lakabu yake huenda hajapata kushika panga la muwa. Lakabu imemtoa mkata miwa shambani, imemwingiza uwanjani, na hapo hapo imemwacha nje ya lango.

Wahaya wenyewe wana kipimo cha mambo haya. Katika fasihi yao mna ebyebugo, majigambo yaliyokuwa yakitamkwa mbele ya mtawala na yanayosikika hadi leo penye sherehe, na mna enanga, tungo zinazoimbwa kwa zeze la jina hilo hilo. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye wasomaji wa visiwani humjua zaidi kwa Malenga wa Bara ya mwaka 1976 aliyoitunga na K. K. Kahigi, na kwa ile mizozo ya vina na mizani iliyofuatia, ameufanyia utafiti mkubwa utanzu huu wa enanga na kuutetea kuwa ni utendi kamili. Kanuni ya majigambo ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: jina la sifa hulipwa kwa kitendo. Asiyetenda hana la kujigamba nalo. Kwa kipimo hicho, Wakata Miwa ni sifa ya mkopo.

Je, mkopo huo umepata kulipwa? Hapa ndipo hadithi ya timu inapopata utamu wake. Tarehe 19 Mei 2018, Simba ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwa bingwa, ubingwa wake wa kwanza tangu mwaka 2012, na ilikuwa haijafungwa hata mechi moja ya ligi msimu ule. Rais John Magufuli alikuja Uwanja wa Taifa kuikabidhi kombe. Mgeni wa kupamba sherehe alikuwa Kagera Sugar. Edward Christopher akafunga, Juma Kaseja, kipa aliyeng'ara zamani katika lango la Simba hiyo hiyo, akaudaka mkwaju wa penalti wa Emmanuel Okwi, na harusi ikaisha 1–0 kwa mgeni. Msimu uliofuata Kagera wakaifunga Simba mara mbili, nyumbani na ugenini. Na msimu huo huo, la ajabu ni hilo, wakaponea chupuchupu kushuka daraja kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Timu iliyomlaza bingwa mara mbili ikajikuta inapigania roho yake. Mtunzi wa tenzi angepewa kisa hiki asingeongeza kitu.

Nani basi aliyekisimulia? Lawama ya makala hii iko hapo. Kisa cha 2018 kilisimuliwa kwa jina la aliyeshindwa: Simba yavunjiwa rekodi, Simba yatiwa doa, Rais aionya Simba kwamba kwa mchezo ule haitatwaa kombe la Afrika. Mshindi alikuwa kivumishi katika sentensi ya mwengine. Washairi wa magazetini nao, wa Bara na wa visiwani, wana madaftari ya beti za Simba na Yanga. Beti za Bukoba ni za kutafuta kwa taa.

Mfano wa mbali unasaidia. Auchinleck ni mji mdogo wa Ayrshire, Scotland, jimbo alikozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759. Timu yake, Auchinleck Talbot, iliundwa mwaka 1909 na kwa zaidi ya karne imecheza nje ya ligi ya taifa, katika ule mpira wa Waskoti uitwao wa vijana ijapokuwa wachezaji wake ni watu wazima. Nayo ilichukua jina la bwana mkubwa, Lord Talbot, huku washabiki wake wakiwa wachimba makaa ya mawe. Mgodi wa Barony, jirani na mji huo, ulifungwa mwaka 1989. Timu ikabaki, na Januari 2019 ikaitoa Ayr United katika Kombe la Scotland. Mgodi ulipokufa, timu haikwenda kaburini nao, kwa kuwa mji ulikuwa umekwisha kuifanya yake.

Kagera Sugar ilishuka Ligi Kuu mwaka 2025, baada ya takriban miongo miwili. Balimi na RTC zilipozimika, hamna mtaa uliobaki na jina wa kuziita tena, maana jina lilikuwa la mwengine tangu mwanzo. Muleba, kusini mwa Bukoba, wilaya yenye visiwa vyake ndani ya ziwa, Goziba na Bumbire, inaweza kumfahamisha msomaji wa Pemba jambo hili bila ya maelezo mengi. Huko mpira ni wa vijiji na wa madago ya wavuvi, kombe laweza kuwa mbuzi, na jina la timu halimilikiwi na kampuni yoyote. Ni timu zisizofika kwenye jedwali la gazeti, na beti zake, kama zipo, ziko vinywani mwa wanawake wanaoshangilia pembeni mwa uwanja kwa Kihaya, kwa wito na kiitikio, wakimjigambia mfungaji kwa jina la baba yake. Hizo hazijakusanywa. Malenga wa enanga wamezidi kuwa wachache, na mechi za Muleba bado huchezwa.